Akina mama wa Sydney na fumbo la rubela

Norman McAlister Gregg, daktari bingwa wa macho wa mjini Sydney, Australia, anakumbukwa na madaktari wa ulimwengu mzima kwa hotuba moja aliyoitoa mwaka 1941. Katika hotuba hiyo alieleza kwamba rubela, maradhi ambayo hadi wakati huo yalihesabiwa kuwa madogo mno, yakimpata mwanamke katika miezi ya mwanzo ya ujauzito yaweza kumharibu mtoto macho na moyo kabla hajazaliwa. Mwaka 1953 alitunukiwa cheo cha Sir, na alipofariki dunia mwaka 1966 jina lake lilikuwa limekwisha kuingia katika vitabu vya tiba.

Ugunduzi huo, hata hivyo, haukuanzia maabara. Ulianzia katika chumba cha kusubiria wagonjwa, ambamo wanawake waliopakata watoto wachanga walikuwa wakingoja zamu zao. Majina ya wanawake hao hayamo vitabuni. Nao ndio waliokuwa wakijua jambo ambalo daktari hakulijua, kwa sababu ndio waliombeba mtoto huyohuyo kutoka kliniki moja hadi nyingine, leo kwa ajili ya macho, kesho kwa ajili ya moyo, na baadaye kwa ajili ya masikio.

Wasikilizaji wengi wa Afrika Mashariki wanaifahamu rubela kwa jina la chanjo ya surua-rubela wanayopewa watoto. Watu wa Australia waliuita ugonjwa huo surua ya Kijerumani. Mtu mzima anayeupata huona homa kidogo, tezi huvimba nyuma ya masikio na shingoni, na vipele vyekundu hutokea kisha hutoweka kwa muda wa siku tatu hivi. Wapo wanaougua bila hata kulala kitandani. Ndiyo maana hakuna aliyeuogopa.

Majira ya mwaka 1940

Vita Kuu ya Pili vilipoanza mwezi Septemba mwaka 1939, Australia iliingia vitani pamoja na Uingereza. Maelfu ya vijana walikusanywa katika kambi za mafunzo, wakalala wengi katika banda moja, kisha wakapewa likizo za siku chache kurudi nyumbani kuwaaga jamaa zao. Maradhi ya kuambukiza husafiri vizuri sana katika hali kama hiyo. Mwaka 1940 rubela ilienea Australia kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka mingi, na kwa kuwa watu wazima wengi hawakuwahi kuugua utotoni, safari hii iliwapata watu wazima, wakiwemo wanawake waliokuwa ndani ya miezi ya mwanzo ya ujauzito.

Mwanzoni mwa mwaka 1941 watoto wao walianza kuzaliwa. Wengi walikuwa wadogo kwa umbo, walinyonya kwa shida, na katikati ya mboni zao palikuwa na doa jeupe zito. Waswahili huyaita maradhi hayo mtoto wa jicho, na kwa kawaida huwa ni maradhi ya wazee. Kuyaona kwa wingi namna ile katika macho ya watoto wa wiki chache, tena mara nyingi katika macho yote mawili, lilikuwa jambo la kushangaza.

Gregg alizaliwa mwaka 1892 katika kitongoji cha Burwood, Sydney. Alikuwa mwanamichezo hodari katika ujana wake, akahudumu kama daktari wa jeshi huko Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, akapata nishani ya Military Cross kwa ushujaa. Baada ya vita alijifunza tiba ya macho Uingereza, akarudi kwao na kufungua ofisi katika Macquarie Street. Alikuwa pia daktari wa macho katika hospitali ya watoto ya Royal Alexandra, iliyokuwa eneo la Camperdown.

Mpangilio huo wahitaji kuelezwa kidogo, kwani ndani yake mna kiini cha habari hii. Macquarie Street ilikuwa, na kwa kiasi fulani ingali, barabara ya madaktari bingwa wa Sydney. Hapo mgonjwa alilipa kutoka mfukoni mwake. Asiye na uwezo alikwenda kwenye idara ya wagonjwa wa nje ya hospitali ya umma, ambako madaktari haohao bingwa walikuja kutibu bila mshahara katika siku na saa zao maalumu. Kwa hiyo daktari wa macho alikuwa na siku yake, wa moyo siku yake, na wa masikio siku yake. Mama mwenye mtoto mwenye kasoro moja aliweza kuupanga wiki wake kulingana na siku hiyo moja. Mwenye mtoto mwenye kasoro tatu alikuwa na siku tatu, mabenchi matatu ya kusubiria, na kila mahali alianza upya kusimulia habari za mwanawe.

Petroli iliwekewa mgao Australia mwezi Oktoba mwaka 1940, na waume wengi walikuwa jeshini. Safari za kliniki zilikuwa za tramu. Aidha, mtoto wa namna hii hakuwa mtoto wa kubebwa kirahisi: alikula kidogo kidogo na mara nyingi, alitapika, alilia akipigwa na mwanga. Operesheni ya mtoto wa jicho kwa watoto wachanga siku hizo haikumalizika kwa mara moja. Daktari alitoboa lenzi kwa sindano nyembamba, akasubiri, akarudia tena. Na mtoto ambaye moyo wake ulikuwa na hitilafu angeweza kufa kwa dawa ya usingizi kabla hata jicho halijaguswa.

Mazungumzo ya kwenye benchi

Kwa mujibu wa simulizi inayorithishwa miongoni mwa madaktari wa Sydney, Gregg aliwasikia wanawake wawili wakizungumza katika chumba chake cha kusubiria. Kila mmoja alimweleza mwenzake kwamba aliugua surua ya Kijerumani alipokuwa na mimba changa, na kila mmoja alikuwa na wasiwasi kwamba huenda ugonjwa huo ndio uliomdhuru mtoto. Mazungumzo ya namna hiyo husikika katika kliniki yoyote duniani. Watu wasiojuana wakikaa pamoja kwa saa mbili, wakiwa na mzigo unaofanana, huulizana.

Jambo la pekee ni kwamba daktari alisikiliza. Katika tiba ya zama zile, maelezo ya mama kuhusu chanzo cha ulemavu wa mwanawe yalikuwa na thamani ndogo. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliamini kwamba mwanamke mjamzito akishtuliwa na kitu cha kutisha, mtoto huzaliwa na alama ya kitu hicho, na madaktari wa kisasa walijivunia kuzitupa imani za namna hiyo. Walifundishwa kwamba kasoro za kuzaliwa ni za kurithi, na kwamba tumbo la uzazi ni ngome isiyopenyeka. Mama aliyesema kwamba vipele vya siku tatu ndivyo vilivyompofusha mtoto angeweza kujibiwa kwa tabasamu la huruma na kuambiwa aje tena mwezi ujao.

Gregg alirudi kwenye tarehe. Alipohesabu miezi nyuma kutoka siku za kuzaliwa kwa watoto, aliona kwamba miezi ya mwanzo ya mimba zao iliangukia wakati ambapo rubela ilikuwa imepamba moto mwaka 1940. Alianza kumuuliza kila mama. Aliwaandikia pia madaktari wenzake wa macho, nao wakawauliza akina mama wao. Yalipokusanywa yote, ilipatikana orodha ya watoto 78 wenye mtoto wa jicho. Kati yao, mama wa watoto 68 walieleza kwamba waliugua rubela wakiwa wajawazito, wengi wao mwanzoni kabisa, baadhi hata kabla hawajajua kwamba ni wajawazito. Watoto 44 walikuwa pia na ugonjwa wa moyo.

Tarehe 15 Oktoba mwaka 1941, Gregg aliyasoma matokeo hayo mbele ya chama cha madaktari wa macho wa Australia mjini Melbourne. Kuna sehemu ya hotuba yake ambayo haitajwi sana, nayo ni onyo kwamba hakuna awezaye kuwa na hakika kuwa watoto hao hawana kasoro nyingine zisizoonekana bado, ambazo zingejitokeza kadiri wanavyokua.

Hakungoja muda mrefu. Magazeti yalipoandika habari za hotuba hiyo, akina mama walimtafuta Gregg wenyewe kumweleza kwamba wao pia waliugua rubela, na kwamba watoto wao hawasikii. Wengine walikuwa na watoto wenye macho mazima kabisa, ambao kwa sababu hiyo hawangefika kamwe katika kliniki ya daktari wa macho. Uziwi, ambao baadaye ulithibitika kuwa ndio dhara la kawaida zaidi la rubela, uliingia katika elimu ya tiba kwa njia hiyo: mzazi asiyealikwa alimtafuta daktari ambaye si wa masikio. Mwaka 1943 Charles Swan na wenzake wa mji wa Adelaide walichapisha uchunguzi uliothibitisha uhusiano huo.

Shaka na daftari la viziwi

Dunia haikukubali mara moja. Mwaka 1944 jarida la tiba la The Lancet, la Uingereza, liliona kwamba Gregg bado hajathibitisha hoja yake. Si haki kuwalaumu sana wenye shaka. Mama aliyezaa mtoto mwenye kasoro huipekua kumbukumbu yake usiku na mchana akitafuta sababu, na huenda akakumbuka homa ambayo mwenzake mwenye mtoto mzima amekwisha kuisahau. Ushahidi uliosimama juu ya kumbukumbu peke yake ulikuwa na udhaifu wa kweli.

Aliyeuondoa udhaifu huo alikuwa mtaalamu wa takwimu wa Chuo Kikuu cha Sydney, Henry Oliver Lancaster. Hakumhoji mama yeyote. Alifungua madaftari ya shule za viziwi na kutazama tarehe za kuzaliwa za wanafunzi. Sensa ya Australia ya mwaka 1911 ilikuwa imeonyesha kwamba viziwi wenye umri wa miaka 10 hadi 14 walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, na katika sensa ya mwaka 1921 kundi hilohilo lilionekana tena, sasa likiwa na umri wa miaka 20 hadi 24. Lancaster, katika makala aliyoichapisha mwaka 1951, alionyesha kwamba viziwi wengi wa kundi hilo walizaliwa katika miezi michache ya mwaka 1899, baada ya rubela kuenea nchini, na kwamba mafungu ya namna hiyo yalijirudia kila baada ya mlipuko.

Maana yake ni nzito. Ushahidi ulikuwemo katika madaftari kwa miaka mingi kabla ya hotuba ya Melbourne. Mwaka 1899 pia walikuwepo wanawake waliougua vipele na kisha wakazaa watoto wasiosikia, na yamkini walikuwemo miongoni mwao walioyaunganisha mambo hayo mawili. Hawakuulizwa. Watoto walipelekwa katika shule za bweni, wazazi wakarudi makwao, na wengine bila shaka walikufa wakidhani kwamba kosa lilikuwa katika damu yao au katika jambo walilolitenda.

Idadi ya watoto waliozaliwa viziwi katika miaka ya vita ilikuwa kubwa kiasi cha kuisukuma serikali. Wakati wa vita maabara ya sauti ilikuwa imeanzishwa Sydney kwa mahitaji ya jeshi la anga. Mwaka 1947 iligeuzwa kuwa maabara ya taifa, na makundi mawili yaliyokusudiwa kuhudumiwa yalikuwa askari waliorudi vitani na watoto waliopoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya rubela. Maabara hiyo ilibuni kifaa cha kusaidia kusikia kilichoitwa Calaid, na watoto walipewa vifaa vya kusikia bila malipo. Kwa mama wa mtoto wa mwaka 1941 hiyo ilikuwa neema kubwa. Ilikuwa pia anwani nyingine ya kuongeza katika orodha ya safari zake: Macquarie Street, Camperdown, na sasa maabara ya sauti. Kifaa chenyewe kilidai kupimwa tena mtoto anapokua, na betri zake kubadilishwa.

Jambo moja zaidi halikujulikana wakati huo. Virusi vya rubela vilitengwa maabarani kwa mara ya kwanza mwaka 1962, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba mtoto aliyezaliwa na maambukizi aweza kuendelea kuvitoa virusi kwa mwaka mmoja au zaidi. Katika vyumba vya kusubiria vya Sydney vya mwaka 1941, watoto hao walipakatwa kando ya wanawake ambao baadhi yao, pengine, walikuwa wajawazito.

Nyumba ya Mosman

Wakati Gregg alipokuwa bado akibishaniwa, wazazi wengine wa Sydney walikuwa wakilishughulikia upande wao tatizo la mabenchi mengi. Hawa walikuwa na watoto wenye mtindio wa ubongo, hali ambayo chanzo chake ni kingine lakini mizunguko yake ya kliniki inafanana. Mtoto wa namna hiyo huhitaji daktari, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mtaalamu wa usemi, mtu wa kumfundisha kutumia mikono, na mwalimu. Katika Australia ya miaka ya 1940 shule nyingi hazikumpokea. Ushauri ambao wazazi walipewa mara kwa mara ni kumweka mtoto katika taasisi ya malezi, kisha warudi nyumbani wakazae mwingine.

Audrie na Neil McLeod, waliokuwa na binti mwenye mtindio wa ubongo, hawakuufuata ushauri huo. Mwaka 1945, pamoja na wazazi wenzao, walianzisha katika nyumba moja ya kitongoji cha Mosman, kaskazini mwa bandari ya Sydney, kituo walichokiita The Spastic Centre. Wazo lilikuwa rahisi: badala ya mtoto kuzungushwa kwa wataalamu, wataalamu waje alipo mtoto. Tiba na darasa vikawekwa chini ya paa moja. Daktari wa watoto Claudia Burton Bradley alisimamia upande wa tiba, magari yalipita mitaani kuwachukua watoto, na akina mama wenyewe walitoa siku zao kufanya kazi kituoni, wakilisha, wakivalisha na kushika mikono ya watoto wasio wao.

Kituo kilikua haraka, kikahitaji fedha. Kuanzia miaka ya 1950 sehemu kubwa ilitokana na mashindano ya Miss Australia, ambamo wasichana wa nchi nzima walishindana pia kwa kuchangisha michango kwa ajili ya watu wenye mtindio wa ubongo. Jina la kituo lilikuja kuleta kero, kwani neno hilo la Kiingereza liligeuzwa kuwa tusi katika viwanja vya shule, na mwaka 2011 taasisi ilibadili jina kuwa Cerebral Palsy Alliance.

Mfumo wa Mosman haukukosa lawama. Paa moja liliwapunguzia wazazi safari, lakini liliwatenga watoto na wenzao wa mtaani, wakakua katika ulimwengu wa peke yao, na kituo kilipoongeza karakana ya kazi, yupo aliyeanza humo akiwa mtoto na akabaki humo hadi utu uzima. Watu wenye ulemavu wenyewe ndio waliolisema hilo kwa sauti kubwa baadaye. Hata hivyo, ni vigumu kusoma habari za mwaka 1945 bila kuona kwamba wazazi hao walikuwa wameliona jambo ambalo hospitali kubwa hazikuliona: kwamba muda wa mama una kikomo.

Watoto wa rubela wakiwa watu wazima

Mwaka 1967, Margaret Menser, Lorimer Dods na mwenzao, watafiti wa Sydney, walichapisha habari za watu 50 miongoni mwa watoto wa rubela, ambao sasa walikuwa na umri wa miaka 25. Karibu wote walikuwa viziwi, na wengi walikuwa na kasoro za macho. Lakini matokeo yaliyowashangaza watafiti yalikuwa mengine: wengi wao walikuwa na ajira, na baadhi walikuwa wameoa au kuolewa. Walikuwa na hali bora kuliko ilivyotabiriwa walipokuwa wachanga. Takwimu hizo hazina safu ya kuonyesha ni tramu ngapi zilizopandwa ili kuufikia mwaka huo wa 25.

Onyo la Gregg nalo liliendelea kutimia. Mwaka 1971 watafiti wa Sydney waliripoti kwamba ugonjwa wa kisukari ulikuwa ukionekana miongoni mwa vijana hao kwa kiwango kisicho cha kawaida, na uchunguzi wa miaka 50, uliochapishwa mwaka 1992, uliwafuatilia hadi utu uzima wao. Mtu aliyezaliwa mwaka 1941 na kadi tatu za kliniki alipata ya nne akiwa mtu mzima, na safari hii mama aliyeijua historia yake yote alikuwa amezeeka.

Mwaka huohuo wa 1971 Australia ilianza kuwachanja rubela wasichana wa shule. Mwaka 1989 chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela ilianza kutolewa kwa watoto wadogo wa jinsia zote. Mwezi Oktoba mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba rubela imetokomezwa nchini humo.

Hospitali ya Camperdown ilihamia Westmead, magharibi mwa jiji, mwaka 1995. Sehemu hiyo ya Sydney ndiyo yenye makazi ya wahamiaji wengi, wakiwemo Waswahili wa Kongo ya mashariki, Burundi na nchi jirani waliopokelewa kama wakimbizi. Kwa mzazi anayelea mtoto mwenye mahitaji mengi ya tiba, mambo mengi ni mepesi kuliko mwaka 1941. Matibabu ya hospitali za umma hayalipiwi na mgonjwa anayestahiki, na tangu mwaka 1973 kuna huduma ya wakalimani kwa simu, iliyoanzia Sydney na Melbourne na ambayo sasa ina lugha nyingi, Kiswahili ikiwa mojawapo.

Lakini mgawanyiko wa zamani umerudi kwa sura mpya. Mpango wa Taifa wa Bima ya Ulemavu, ulioanza mwezi Julai mwaka 2013, humgharimia mtoto viti vya magurudumu, wasaidizi na tiba za kumjenga uwezo. Hauhusiki na matibabu ya hospitali, ambayo yako chini ya serikali za majimbo. Kwa hiyo mzazi huwa na jalada moja la bima na jingine la hospitali, barua za daktari wa moyo zisizofika kwa mtaalamu wa usemi, na miadi inayogongana katika asubuhi moja. Hospitali kubwa za watoto zimeajiri wauguzi waratibu wa kuzipanga miadi ya mtoto mmoja ziangukie siku moja. Pale ambapo mratibu hayupo, kazi hiyo hufanywa na mzazi, na asiyeijua lugha ya nchi huongeza juu yake kazi ya kuhakikisha kwamba mkalimani naye amepangiwa saa hiyohiyo.

Katika Afrika Mashariki chanjo ya rubela ilichelewa kufika. Tanzania iliiingiza katika ratiba ya watoto mwaka 2014 pamoja na ile ya surua, Kenya mwaka 2016 na Uganda mwaka 2019. Kabla ya hapo Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watoto wapatao 100,000 walikuwa wakizaliwa kila mwaka duniani na madhara ya rubela, wengi wao katika nchi zisizokuwa na chanjo hiyo. Walio wengi hawakuwahi kuandikwa kwa jina la ugonjwa huo. Waliandikwa kuwa vipofu katika kituo kimoja na viziwi katika kingine, na majirani waliyasema yao kuhusu mama.

Swali ambalo Gregg alilichukua kutoka kwenye benchi lake la Macquarie Street, kama mama alipata homa na vipele mimba ilipokuwa changa, sasa limo katika mafunzo ya madaktari wa macho na wa watoto kila mahali, na mtoto akiletwa na mboni nyeupe ni miongoni mwa maswali ya kwanza.